Kumi Si Namba ya Raia

Kwa wakazi wote wa Lubumbashi wanaoumwa, na kwa wale wanaojiandaa kuumwa: furahini. Tangu kiangazi hiki kianze, jimbo letu limeacha kuumwa ovyo ovyo. Sasa kuna ofisi. Kuna muhuri. Kuna vitenge vya kijani na njano vyenye picha ya mkono ulioshika kiuno, na kuna madaktari wanaosomeshwa ubingwa wa kutuliza maumivu, kazi ambayo hapo zamani iliachiwa Mungu na chai ya tangawizi. Neema hii yote imepita mikononi mwa Mkurugenzi Anaclet, na itakuwa utovu wa adabu kusimulia lolote kabla ya kumsimulia yeye.

Anaclet hakuwa daktari. Wenye husuda walilisema hilo kana kwamba ni kasoro. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa itifaki kwenye sherehe za jimbo. Yeye ndiye aliyejua nani akae mstari wa mbele jukwaani, nani apewe maji ya chupa, na nani aambiwe kwa upole kwamba kuna bomba nyuma ya jengo. Aliweza kusikia mtu akikohoa kwenye umati wa suti na akajua kwamba huyo ni naibu wa naibu. Ofisi mpya ya kuratibu maumivu ilipoundwa, Coordination Provinciale de la Douleur, kwa kifupi COPRODOUL, wakubwa walitafuta mtu mwenye uzoefu wa kuwafanya watu wavumilie saa nyingi bila kulalamika. Jina lake lilipita bila kupingwa, naye akahamia ofisini na kiti chake mwenyewe.

Kozi ilifunguliwa katika hospitali moja kubwa ya mjini. Mwalimu alikuwa Munganga Léonie, bingwa pekee aliyekwenda kuisomea kazi hiyo ng'ambo. Mwanamke mfupi, mzaliwa wa Kamalondo, wazazi wake watu wa Kasai, na hotuba zilimchosha kupita zamu za usiku. Siku ya kwanza hakusalimia hata meza kuu. Alichora ubaoni mstari mrefu, akaandika sifuri mwanzoni na kumi mwishoni.

"Tunamuuliza mugonjwa: inakuluma ngapi?" alisema. "Zéro, hakuna kitu. Dix, ni maumivu makubwa kupita yote weye unaweza kuwaza. Kuanzia sept, tunatoa dawa ya nguvu, morphine. Bila kuchelewa."

Madaktari wakaandika: saba. Anaclet, aliyekaa mbele kabisa kama mlezi wa kozi, hakuandika. Aliutazama ule mstari na nywele zikamsimama. Kwa jicho lake, mstari ule ulikuwa jukwaa, viti kutoka sifuri hadi kumi, na hakuna hata kimoja chenye jina. Kosa kama hilo lingemfukuzisha mtu kazi siku ya gwaride.

Akanyoosha mkono. "Docta, pardon. Pale pa dix, nani anaikala pale?"

"Hakuna muntu anaikala pale, Directeur. Ni mugonjwa mwenyewe njo anasema."

"Mugonjwa yeyote?"

"Yeyote."

"Hata muuza makala wa Naviundu anaweza kusema dix?"

"Kama inamuluma dix, ndiyo."

"Na siku Excellence moja akigonjwa, tutamuweka wapi? Pa onze, juu ya dix?"

Léonie alifungua kinywa, akakifunga, akamtazama Anaclet kama mtu aliyeona mbuzi amepanda gari la mkate. Anaclet alichukulia ukimya ule kuwa ni kukubali.

Alijifungia ofisini, akatoka na Jedwali Rasmi la Maumivu ya Jimbo, lenye fremu ya dhahabu na kioo. Wasio na kazi walipewa nafasi ya kuumwa hadi tatu. Wafanyabiashara wadogo, nne. Wenye ufundi na familia, sita, na hapo ndipo raia walipoishia. Saba ilikuwa ya viongozi wa vyama na kamati, kwa kuwa gwarideni vyama hukaa nyuma tu ya wakubwa. Nane ilikuwa ya wakurugenzi, tisa ya mawaziri. Kumi aliiacha wazi, kama kinavyoachwa wazi kile kiti cha katikati ambacho mwenyewe hatakuja lakini hakuna anayethubutu kuwekea hata kofia. Kuhusu dawa hakubadilisha neno la mwalimu, maana aliheshimu sayansi. Ilibaki vilevile: dawa ya nguvu kuanzia saba.

Léonie alipiga kelele. Alipanda ngazi mpaka ofisini, akapiga meza, akataja nchi alizosomea. Anaclet alimsikiliza kwa subira yote, akamwagizia Fanta. Kisha jedwali likatundikwa ukutani katika Salle d'en Bas, ile sali au wodi ya wagonjwa iliyo chini kabisa ya hospitali, karibu na jiko.

Huko ndiko madaktari walikopelekwa kufanya mazoezi, na huko ndiko alikolala Papa Moustapha.

Papa Moustapha alikuwa fundi cherehani wa Naviundu, mtu wa ukoo wa Maniema, mpole, ambaye nusu ya wanaume wa mjini walioa wakiwa wamevaa suti zake. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aling'ata ncha ya shuka na kushika chuma cha kitanda mpaka vidole vikapauka. Binti yake Nafisa, mfanyabiashara wa samaki wakavu ambaye barabara ya Kasomeno aliijua shimo kwa shimo, alikuwa ameacha biashara ili akae naye. Kutoka kitandani mzee aliweza kuiona dawa. Ilikuwa imevuka mpaka wa Kasumbalesa salama, ikafika, ikawekwa katika kabati lenye mlango wa kioo, maana COPRODOUL ilifanya kazi zake kwa uwazi.

Mwanafunzi bora wa kozi, Docteur Caleb, ambaye alilikariri jedwali pamoja na viambatisho vyake, alisogea kitandani. Anaclet alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Papa, uko na kazi gani?" Caleb aliuliza, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la uchunguzi.

"Fundi," alisema mzee.

"Uko président wa kitu? Comité ya musikiti? Comité ya avenue?"

"Hapana, mwanangu. Niko fundi tu."

"Donc, six maximum."

Nafisa akaruka. "Six ya nini? Tangu asubuyi hajameza hata mate! Angalia mikono yake! Muulize ye mwenyewe inamuluma ngapi!"

Anaclet aliingilia kati, kwa sauti ile ile aliyozoea kuwahamishia watu mistari ya nyuma. "Mama, usikasirike. Si kusema hatumuamini papa. Tunamuamini mpaka six."

Machozi yalimtoka mzee bila uso kukunjamana, yakaingia masikioni. Anaclet aliyaona. Jioni ile mke wake alimpakulia bukari na sombe, akashindwa kula, tumbo limejaa kitu asichokijua. Akailaumu sombe.

Siku chache baadaye Léonie alirudi ofisini. Safari hii aligonga mlango. Alisimama wima, mikono kando, mpaka alipoambiwa aketi.

"Directeur, nimetafakari," alisema. "Wagonjwa ba kule chini hawana structure."

Anaclet aliweka kalamu chini. Maneno aliyoyangoja tangu kozi ianze yalikuwa yamefika kwa miguu yao wenyewe.

"Bantu banalala tu, kila muntu na ugonjwa wake," aliendelea Léonie, macho makavu kabisa. "Hakuna comité, hakuna statuts. Ni désordre. Naomba ruhusa tufanye assemblée générale."

"Docta," alisema Anaclet kwa furaha, "kumbe umekomaa."

Hakuruhusu tu, aliichukua shughuli mikononi mwake. Aliandika katiba ya chama usiku kucha, akakipa jina, Association des Malades de la Salle d'en Bas, AMASAB, akaleta viti vya plastiki na maua ya plastiki, akaongoza mkutano mwenyewe kati ya vitanda. Mgombea urais alikuwa mmoja, Papa Moustapha. Wagonjwa waliinua mikono. Wasioweza kuinua mikono waliinua nyusi, nazo zikahesabiwa. Kisha rais mteule akaombwa aseme machache.

"Munipe dawa," alisema Papa Moustapha.

Makofi yalipigwa. Anaclet aliona kwamba kwa hotuba ya rais ilikuwa fupi mno, lakini yenye mwelekeo.

Caleb alikwenda ukutani, akasoma jedwali kwa kidole, akarudi. "Papa Président," alisema kwa heshima mpya, "kuanzia leo una haki ya sept." Akafungua kabati. Dawa ikamiminwa kwenye kikombe kidogo, mzee akanywa, na sali nzima ikangoja pamoja naye. Baada ya muda vidole vyake vilikiachia kile chuma, kimoja baada ya kingine. Akapumua. Akamwambia Nafisa, "Shukuru Mungu, mama," akalala usingizi. Nafisa alijifunika uso na kitenge na kulia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Anaclet naye alifurahi, furaha ya kweli, hadi akalazimika kutoka nje kupangusa miwani. Katika ripoti yake kwa wakubwa aliandika kwamba imethibitishwa kitaalamu: cheo kinatibu.

Tangu siku ile chama kilikua kwa kasi iliyompendeza. Mama Mimi, aliyeungua miguu kwa mafuta ya kukaangia mikate, akawa makamu wa rais. Dereva wa lori aliyevunjika taya akawa msemaji. Waliosalia wakawa washauri, na kila mgonjwa aliyeingia mlangoni alichaguliwa kabla hajapewa shuka. Léonie aliendesha masomo akiimba kwa sauti ya chini. Madaktari walijifunza kupima dozi, kumwamsha aliyezidiwa, kumkanda mgongo asiyeweza kugeuka. Yaani waliusoma ubingwa wenyewe, na jedwali likabaki likining'inia juu ya watu walioketi wote mstari mmoja. Anaclet hakulitambua hilo. Yeye aliona tu kwamba idadi ya viongozi katika jimbo imeongezeka.

Ikafika siku ya mahafali. Mahema yalifungwa uani, bendi ya fanfare ikaja, vitenge vya COPRODOUL vikavaliwa na watu ambao hawakujua vinahusu nini. Anaclet alipanda jukwaani na hotuba yake. Alikuwa kwenye ukurasa wa tatu, sehemu ya mafanikio, kitu kilipomchoma ubavuni. Akageuza kumeza mate kuwa kituo cha hotuba, akaendelea. Kikamchoma tena, kikashuka hadi kinenani, kikapanda, kama mtu anayemsokotea kamba tumboni. Jasho lilidondoka kwenye karatasi. Hakuketi. Mtu wa itifaki haketi katikati ya ukurasa.

Wakati huohuo simu za wageni zilianza kutetemeka. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya uteuzi. Huku kwetu mkubwa anaondolewa kwa redio, ili apate habari pamoja na jirani zake na asipendelewe. Mgeni wa mstari wa mbele alitazama simu, akamtazama Anaclet, akaisogeza polepole chupa ya maji iliyokuwa imewekewa msemaji, akaifungua, akanywa. Anaclet, aliyeisoma mikao ya watu maisha yake yote, alielewa hata kabla ya kusikia jina la Adrien, mkurugenzi mpya. Kisha fundi wa vyombo akazima maikrofoni, na Anaclet akaanguka nyuma ya maua.

Léonie alimgusa ubavu mara moja tu. "Jiwe ya figo," alisema. "Mubebeni mbio."

Chumba cha wakubwa kilikuwa cha wakubwa. Akateremshwa Salle d'en Bas, akalazwa kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akajikunja, akajinyoosha, akapiga magoti juu ya godoro. Caleb alikuja na diploma yake mpya bado imekunjwa kwapani.

"Papa, uko na kazi gani?"

"Caleb! Unanijua!"

"Nilikuwa nakujua, papa. Nauliza sasa."

Anaclet alitazama dari. "Sina kazi."

"Uko président wa kitu? Comité ya kanisa? Comité ya avenue?"

"Hapana."

"Donc, six maximum."

"Ni dix!" Anaclet alilia, sauti ikafika jikoni. "Caleb, mwanangu, ni dix!"

Sali nzima ilishtuka. Hata mawaziri hukizunguka kiti kile kwa mbali. Caleb alipauka, akatazama mlangoni kama kuna waliosikia, akaandika: mgonjwa amedai kumi, dai limekataliwa.

Anaclet akamshika Léonie kitenge. "Docta, nakuomba. Unisaidie."

"Miye ningalikupa sasa hivi," alisema Léonie, na kwa mara ya kwanza huruma ilionekana usoni mwake waziwazi. "Lakini funguo ya kabati iko na Caleb, na Caleb ulimufundisha weye. Kumubadirisha leo itaomba saa, na weye hauna saa. Njia iko moja. Uingie chama."

Mama Mimi alikuwa amekwisha kujikokota na kukaa. Kama makamu wa rais aliijua katiba ya AMASAB vizuri kuliko aliyeiandika, na ingawa wengine walichaguliwa kabla ya shuka, kwa huyu hakutaka kuruka hata kifungu. "Kuingiza membre mupya tunahitaji assemblée," alisema. "Mot ya kufungua. Kuita majina. Kusoma ripoti ya mukutano uliopita. Kisha mugeni ajieleze, asimame."

"Tuache protocole!" Anaclet aligugumia ndani ya mto. "Mama, kwa jina la Mungu, tuache protocole!"

Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuyawaza. Wagonjwa wengine walicheka, kicheko cha watu waliolingoja jambo hilo muda mrefu. Msemaji mwenye taya iliyofungwa alicheka kwa mabega. Mama Mimi akaanza kuita majina, kwa utaratibu, kitanda baada ya kitanda, akirudia yale asiyoyasikia vizuri.

Papa Moustapha akainua kiganja, Mama Mimi akaacha kuita.

"Papa Anaclet," alisema mzee kutoka kitanda cha pili. Alikuwa amekonda zaidi, lakini sauti ilitoka bila kutetemeka. "Siku yangu, weye uliniamini mpaka six."

"Ndiyo, papa."

"Miye siku ile nilikuwa pa dix. Na kesho yake, dix. Na ile yote ya nyuma."

Anaclet alimtazama mzee, na kile kilichokuwa kimemjaa tumboni jioni ya sombe kikampanda hadi machoni, akakijua sasa kwa jina: kilikuwa aibu. "Unisamehe, papa," alisema. "Sikujua."

"Haukuuliza," alisema mzee. "Sasa na miye nakuuliza. Inakuluma ngapi?"

"Dix."

"Nakuamini yote." Akamgeukia Caleb. "Munganga, andika sept kama inakusaidia kulala. Ni membre wetu, mushauri. Discours tutafanya kesho."

Caleb akafungua kabati.

Sindano ilipoanza kufanya kazi, Anaclet alilia kama mtoto aliyepotea sokoni na kupatikana. Alilala palepale, kati ya fundi na mkaanga mikate.

Asubuhi iliyofuata alifika Mkurugenzi Adrien na ujumbe wake, kamera na watu wa kubeba makabrasha. Alikuwa anahitaji kukabidhiwa ofisi, ile shughuli tunayoiita remise et reprise. Bila hiyo mkubwa mpya hawezi kukalia hata kiti, na kwa vile mkubwa wa zamani alikuwa kitandani, ujumbe ulisimama miguuni pake. Katibu akaanza kusoma mali za ofisi. Meza, moja, hali nzuri. Kiti cha mkurugenzi, kimoja, hali nzuri. Muhuri. Mabunda ya vitenge. Anaclet aliitikia kwa kichwa.

"Jedwali Rasmi la Maumivu," alisoma katibu, akinyooshea kidole ukutani. "Moja. Lina kioo. Hali nzuri."

"Hapana," alisema Anaclet. "Ile imeharibika."

Adrien alilitazama. "Imeharibika wapi? Naona iko nzima."

"Jana muntu wa bule alifika pa dix. Nilikuwako. Ni miye mwenyewe. Sali yote ni mashahidi." Akajiinua kwa kiwiko. "Haishiki tena, Directeur. Ukiipokea vile na ukatia sahihi, kesho mugonjwa mwingine akipita six, ni weye utaulizwa."

Adrien alirudi nyuma hatua moja. Alinong'ona na mshauri wake, mshauri akanong'ona na katibu. Mkubwa mpya anaweza kupokea njaa, deni au mgomo, lakini hapokei kitu kibovu siku ya kwanza.

"Nani ameiharibu?" aliuliza Adrien kwa sauti ya kamera.

"Ni miye," alisema Anaclet. "Andika jina langu kubwa."

Ikaandikwa kwamba mali ya Serikali imeharibiwa na mtumishi wa zamani, haifai tena kwa matumizi, iondolewe. Anaclet akatia sahihi kwa mkono mwepesi. Mhudumu akapanda juu ya kiti cha plastiki, akaliteremsha jedwali, akalipeleka nyuma ya jiko lilikowekwa magodoro yaliyochanika.

Adrien alikunjua karatasi ya hotuba. Alihitaji, kwa ajili ya habari za saa moja, picha moja ya mkurugenzi na daktari bingwa kando ya kitanda, akamwita Caleb asogee. Lakini Caleb alikuwa amesimama mbele ya ule ukuta mtupu, kalamu mkononi, hajui pa kuanzia. Alitazama msumari. Alimtazama Léonie, naye akamwonyesha kwa kidevu kigoda kilicho kando ya Papa Moustapha.

Caleb akaketi. "Papa," aliuliza, na ilionekana kwamba aliogopa jibu, "leo inakuluma ngapi?"

"Ah," alisema mzee, akajiweka vizuri kwenye mto. "Leo ni kidogo. Lakini acha nikuelezee. Inaanzaka huku chini, asubuyi sana..."

Alikuwa na mengi ya kusema. Mkurugenzi Adrien alikohoa mara kadhaa, kikohozi cha cheo kikubwa kabisa, na Anaclet, aliyekitambua vizuri, aliinua mkono bila kufumbua macho na kumwashiria kiti cha plastiki kilicho mstari wa nyuma.